Mgeni Njoo, Kiwanda Kipone

MSOMAJI mpenzi, kabla hujafungua ukurasa wa mapishi, hebu nikuulize jambo. Ni lini mara ya mwisho ulipoingia ndani ya kiwanda, si kutafuta kibarua wala kupeleka mzigo, bali kutazama tu jinsi vitu vinavyotengenezwa? Sabuni unayofulia, mkate ulio mezani, unga wa ugali wa jana usiku, vyote vimepitia mikono na mashine ambazo yamkini hujapata kuziona hata siku moja. Watoto wetu tunawapeleka kutazama simba na twiga, na hilo ni jema. Lakini mtoto huyo huyo anakua akiamini kwamba maziwa hutoka kwenye pakiti.

Sababu ya kukuuliza haya ni swali alilouliza mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mmoja, tulipokuwa Garissa wakati wa likizo.

Tulikuwa tumekwenda kumtembelea rafiki yangu wa tangu chuo, ambaye sasa ni mwalimu huko. Ni safari ya kilomita 370 hivi kutoka Nairobi. Ukishaipita Mwingi barabara inanyooka, mibuyu inakusindikiza, na joto linaanza kukwambia kwamba umetoka kwenu. Tulivuka daraja la mto Tana kutoka Madogo Jumanne jioni, hoi. Kesho yake mwenyeji wetu akasema haiwezekani mtu alale Garissa usiku wa kuamkia Jumatano asiende kwenye soko la mifugo, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya aina yake katika Afrika Mashariki na Kati.

Tukaenda. Vumbi, kelele, ng'ombe kwa mamia, mbuzi, ngamia wanaokutazama kwa dharau. Kijana alishangazwa zaidi na wazee wawili waliokuwa wameshikana mikono chini ya kitambaa, kimya, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni. Mwenyeji wetu akamweleza kwamba hiyo ni desturi ya kale ya madalali wa Kisomali. Bei hutajwa kwa vidole, chini ya nguo, ili aliyesimama kando asiijue. Iweke habari hiyo akilini, msomaji, kwa maana nitairudia.

Tulipotoka sokoni tukapita kwa akina mama wauzao maziwa ya ngamia. Walikuwa wameketi kivulini, mbele yao mitungi ya plastiki ya lita 20, ile ile ya manjano iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Mama mmoja alitukaribisha, akanikalisha kando yake na kuniita abaayo, yaani dada, akatumiminia vikombe viwili. Yana ladha ya moshi, na hiyo ndiyo sifa yake, kwa kuwa chombo hufukizwa kwa makaa ya miti maalum kabla ya kutiwa maziwa ili yasiharibike upesi. Kijana akanywa, akapangusa midomo, kisha akauliza:

"Mama, mkono wako unaingiaje humo ndani kuosha?"

Mama akacheka. Akawatafsiria wenzake kwa Kisomali, nao wakacheka. Akamweleza kwamba hutia maji ya moto na sabuni, hutikisa, humwaga, kisha huja moshi. Kijana, ambaye hana haya, akatia kidole kwenye shingo ya mtungi mmoja mtupu, akakizungusha kwa ndani, akakitoa na kukitazama. Kilikuwa na utando mweupe. Hapo mama hakucheka tena.

"Nimeuza maziwa miaka kumi na minne," akaniambia. "Watu huniuliza bei tu."

Akanisimulia kwamba maziwa yake husafiri kwa basi la usiku hadi Eastleigh, na kuna siku simu hupigwa asubuhi kumwambia yamefika yameharibika. Siku hiyo hakuna malipo. Na karo haingoji. Amelilaumu joto, ambalo Garissa hupita nyuzi 35 bila kuomba radhi. Amewalaumu madereva, amelaumu hata majani waliyokula ngamia. Shingo ya mtungi hakuilaumu hata mara moja, kwa sababu ameiona kila siku kwa miaka kumi na minne.

Sitaki udhani kwamba mpwa wangu ni mgunduzi. Wataalamu wa maziwa wamesema kwa miaka mingi kwamba chombo chenye mdomo mwembamba ni vigumu kukisafisha, na kwamba kopo la chuma lenye mdomo mpana ni bora. Lakini mama huyu hakupata kukaa na mtaalamu. Alikaa na mtoto aliyekuja kutembea.

Jambo hili lina jina: utalii wa viwandani. Maana yake ni mtu kulipa nauli, na pengine kiingilio, ili akatazame kazi ikifanyika, iwe ni chai inakaushwa, saruji inasagwa au gari linaungwa. Wengi wetu tukisikia hivyo huwaza faida ya mlangoni na duka la kumbukumbu. Mimi naona faida kubwa zaidi ni ile anayoiacha mgeni bila kujua, yaani swali lake.

Hebu nikupeleke mbali kidogo, ila hatutatoka katika habari za mifugo. Mnamo 1865 mjini Chicago, Marekani, yalifunguliwa mazizi makubwa yaliyoitwa Union Stock Yards. Treni zilimwaga humo ng'ombe na nguruwe kutoka pande zote za nchi. Ukitaka, sema ilikuwa Garissa yenye reli. Kando yake makampuni kama Swift na Armour yakajenga machinjio, na jambo la ajabu ni kwamba wenye machinjio hawakufunga milango. Waliajiri watu wa kuwatembeza wageni, nao wageni wakaja maelfu kwa maelfu, wake kwa waume, kama watu waendao kutazama maporomoko ya maji. Mwandishi Rudyard Kipling alipita huko 1889, na kwa hakika hakufurahia alichokiona.

Waliona nini? Mnyama alitundikwa kwa ndoano kwenye reli iliyo juu, akasukumwa kutoka kwa mfanyakazi mmoja hadi mwingine. Huyu alikata hapa tu, yule pale tu. Hakuna mfanyakazi aliyetembea. Mzoga ndio uliotembea.

Miongoni mwa waliofika alikuwamo William Klann, fundi wa Henry Ford, ambaye alizuru machinjio ya Swift. Hakuwa mchinjaji wala hakuwa na haja ya nyama. Alikuwa mtu wa injini. Lakini aliporudi Detroit alikuwa na wazo kichwani kwamba, kama ng'ombe anaweza kufumuliwa kwa njia ile, basi gari laweza kuungwa kwa njia hiyo hiyo, kinyumenyume. Ford mwenyewe alikiri katika kitabu chake cha 1922 kwamba wazo hilo kwa jumla lilitokana na reli ya juu ya wachinjaji wa Chicago. Mwaka 1913 walianza kujaribu. Kabla ya hapo kuunga fremu ya gari moja kulichukua zaidi ya saa 12. Kufikia 1914 kazi hiyo ilikuwa imeshuka hadi saa moja na dakika 33. Kwa hiyo, msomaji, ukipanda matatu kesho, fahamu kwamba babu yake ni ng'ombe aliyetundikwa ndoanoni.

Na hadithi haikuishia hapo. Ford naye akawafungulia wageni mlango, na mwaka 1950 Mjapani mmoja kwa jina Eiji Toyoda akakaa wiki kadhaa akitazama kazi katika kiwanda chake cha River Rouge. Miongoni mwa aliyorudi nayo nyumbani ni mpango wa kuwapa wafanyakazi wa kawaida nafasi ya kuandika mapendekezo yao, ulioanza Toyota mwaka 1951. Mwenzake Taiichi Ohno alisimulia kwamba mbinu ya kuleta kila kipuri kiwandani pale tu kinapohitajika aliipata kwa kutafakari maduka makubwa ya Marekani, ambako mteja huchukua bidhaa na rafu hujazwa tena. Mtu wa magari akajifunza kwa wauza vyakula!

Sasa namsikia mwenye kiwanda akinong'ona: je, wakiniibia? Hofu hiyo si ya bure. Kati ya 1810 na 1812 Mmarekani Francis Cabot Lowell alizunguka Uingereza akizuru viwanda vya nguo. Sheria za Uingereza zilikataza mashine zile kupelekwa ng'ambo, lakini hakuna sheria ya kupekua kichwa cha mtu. Lowell alizikariri, na mwaka 1814 kiwanda chake kilikuwa kikifuma nguo huko Waltham, Marekani.

Huku kwetu hofu hiyo ina jina la nyumbani: kijicho. Mfugaji hapendi mtu amhesabie ngamia wake, na ukimsifu mnyama bila kutanguliza mashallah utatazamwa kwa jicho kali. Si jambo la kucheka. Mtu ambaye mali yake yote inatembea kwa miguu, na ambaye aliona misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo katika ukame wa 2020 hadi 2023, ana kila sababu ya kuichunga.

Lakini kumbuka wale wazee wawili wa sokoni. Walificha nini chini ya kitambaa? Bei peke yake. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amesimama juani, kila mpita njia akimkagua meno, kwato na mkia. Wasomali wamejua tangu zamani kipi cha kufunika na kipi cha kuonyesha, na mameneja wetu wengi wenye shahada hawajui. Wao hufunika kila kitu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwalimu wetu alituombea ruhusa ya kuzuru kiwanda kimoja, nisichokitaja. Tuliketi langoni tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri, kisha afisa akatoka kutuambia kwamba uongozi haujaidhinisha. Tulikuwa tumeshaanza urafiki na bawabu. Akatuambia kwamba mashine moja hukwama karibu kila siku jua linapopanda, na kwamba wafanyakazi wote wanajua sababu. Nikamuuliza kwa nini hawasemi. Akanijibu: "Nani amewauliza?" Wanafunzi ishirini wenye madaftari wangeuliza swali hilo kabla ya saa nne.

Si kwamba Kenya haina milango iliyo wazi. Karen, Nairobi, wageni huingia karakana ya Kazuri, iliyoanza 1975, wakawaona akina mama wakifinyanga na kupaka rangi shanga za udongo mmoja mmoja. Pwani, machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa jangwa la mawe hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani yake hayakutaka kuoza, akaleta majongoo wayatafune yawe udongo. Tangu 1984 watu hulipa kiingilio kuutazama msitu huo.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, uko Zanzibar. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko 1989, na kwa miaka mingi akina mama walikausha mwani na kuuuza kwa bei ndogo mno. Katika kijiji cha Paje wapo waliogeukia sabuni za mwani, na maji yakitoka mtalii huweza kuingia pwani pamoja nao, akaona kamba, vigingi, na migongo iliyoinama. Mtu aliyeuona mgongo ule habishanii bei ya kipande cha sabuni. Na mama aliyesimama na mteja wake majini anajua harufu ipi inampendeza na ipi inamkimbiza, habari ambayo wenye viwanda wakubwa huwalipa watafiti waitafute.

Utaniambia kwamba Garissa si Zanzibar, na kwamba ngamia si bidhaa ya kiwanda. Basi sikiliza haya. Huko Mauritania, Nancy Abeiderrahmane, mhandisi mzaliwa wa Uingereza, alishangaa kuona nchi iliyojaa mifugo ikinywa maziwa yaliyotoka ng'ambo. Wenyeji walikuwa wameizoea hali hiyo. Yeye alikuwa na jicho la mgeni. Mwaka 1989 akaanzisha kiwanda, Tiviski, kinachonunua maziwa kwa wafugaji wanaohamahama, ya ngamia yakiwamo. Baadaye akatengeneza jibini ya ngamia, kazi ngumu kwelikweli, kwani maziwa ya ngamia hayagandi vizuri kwa dawa ile inayogandisha ya ng'ombe. Na Dubai, kampuni ya Camelicious, ambayo maziwa yake yaliingia sokoni 2006, imekuwa ikiwapokea wageni shambani mwake waone ngamia wakikamuliwa kwa mashine. Watu hulipa kuona hivyo. Sisi tunao ngamia wengi, nao akina mama wetu wamekaa kivulini na mitungi ya mafuta.

Kuna jambo ambalo si haki kulipita. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, lakini jina la mji lilibaki na kovu, na yako mashambulizi mengine yaliyolizidisha. Mzazi wa Nakuru au Kakamega akisikia safari ya Garissa hushika kifua. Mimi mwenyewe, kabla ya kuondoka na mtoto wa dada yangu, nilipiga simu mara tatu kuulizia hali ya barabara, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Ila usinidanganye kwamba mji huo haupokei wageni. Kila Jumatano unawapokea wanunuzi kutoka Nairobi na Pwani, madereva wa malori, makuli, wauza chai. Hao ndio watalii wake wa viwandani. Hawana kamera shingoni, lakini kila mmoja ana ufundi wake, na ufundi wa mtu mwingine ndio uliompa Ford gari.

Na vya kutazama vipo. Waulize akina mama wakuonyeshe jinsi wanavyotengeneza nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake hata ikakaa kwa muda mrefu bila friji. Waulize kuhusu susa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa. Hizo ni teknolojia, hata kama hazina moshi wa bomba. Nje ya mji kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, paneli kwa paneli hadi macho yachoke. Mwenye shule angepanga siku moja: asubuhi paneli, mchana akina mama wa maziwa. Siamini kwamba watoto arobaini wangetoka hapo bila mmoja wao kuuliza kwa nini jua linalowasha taa halijapewa kazi ya kupoza maziwa yale kabla ya basi kuondoka. Hilo si swali la kijinga. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Nairobi, aliyekuwa na mahali pa baridi na asiyekuwa napo hawakuwa na hasara sawa.

Kwa kikundi au kiwanda kidogo kinachosoma haya, gharama ni ndogo. Daftari moja mlangoni linatosha, mradi lisiwe la kuandika majina na namba za vitambulisho pekee. Mgeni akitoka, aulizwe: ni kitu gani hukukielewa? Usimuulize kama amefurahi, maana kwa adabu zetu atasema amefurahi tu. Na jibu lake lisomwe jioni mbele ya wafanyakazi wote, bawabu akiwamo.

Sasa turudi kwa yule mama. Miezi miwili baada ya safari, rafiki yangu alinipigia simu. Mama amenunua kopo moja la alumini, la mtumba, lenye mdomo mpana. Mkono unaingia hadi kwenye kiwiko. Safari ya kwanza ilikuwa balaa: kifuniko kimelegea, na kufika Mwingi maziwa yalikuwa yamemwagikia mizigo ya watu. Mitungi ya plastiki ni rahisi, hufungwa kamba ikatupwa juu ya basi, na ikirudi mitupu haimgharimu kitu. Kopo linataka nafasi yake, na kondakta akadai nauli yake. Nusura aliuze.

Aliyemzuia ni kondakta huyo huyo. Baada ya kufuta maziwa na kugombana naye vya kutosha, alilishika kopo, akaligeuza, akasema tatizo ni dogo, wao kwenye gereji hukata pete ya mpira wa tairi la ndani na kuiweka penye mfuniko wowote unaovuja. Akamkatia. Maziwa hayakumwagika tena, lakini mama ana wasiwasi kwamba mpira unatoa harufu jua likipanda, na anawaza kuchemsha pete hiyo au kuulizia ya aina nyingine.

Amenitumia salamu kupitia kwa rafiki yangu, na swali: yule kijana anafunga shule lini? Lipo kopo anataka aje alinuse.